Maji ya Kataboi, Tangu Ziwa Lilipofungwa

Kama unatusikiliza hewani ukiwa Lodwar, Kakuma, Kalokol au Kataboi, sogeza redio karibu. Na kama unasoma kijitabu hiki kwenye zahanati ukingoja zamu yako, msomee na jirani aliye kando yako. Leo tunazungumza juu ya maji, lakini hatutaanza na kuosha mikono wala kuchemsha, maana hayo umeyasikia mara nyingi. Tutaanza nyuma zaidi. Swali linalowasumbua akina mama wengi wa ufuoni ni swali la historia: mbona maji haya ni mengi hivi mbele ya macho yetu, na bado tunaambiwa tusimpe mtoto?

Simama Kataboi asubuhi ukitazama mashariki. Ziwa Turkana limelala hapo, urefu wake karibu kilomita 290 kutoka kusini hadi Ethiopia. Wazee wanaliita Anam Ka'alakol, bahari ya samaki wengi. Hakuna ziwa la kudumu jangwani lililo kubwa kuliko hili duniani kote. Mto Omo kutoka Ethiopia ndio unaolilisha, kiasi cha sehemu 9 kati ya 10 za maji yote ya mito, na sehemu ndogo inaletwa na Turkwel na Kerio. Maji ya mito hiyo ni matamu. Ukiyanywa pale mtoni huoni chumvi. Basi chumvi ya ziwa imetoka wapi?

Imetokana na kitu kimoja tu: ziwa halina mlango wa kutokea. Kuna wakati lilikuwa nao. Miaka elfu kadhaa iliyopita, mvua zilipokuwa nyingi Afrika Mashariki, ziwa hili lilikuwa juu kwa karibu mita 100 kuliko lilivyo siku hizi, likafurika kuelekea kaskazini-magharibi hadi maji yake yakaingia katika njia za Nile. Ndiyo maana hadi leo wavuvi wetu wanavua mbuta, samaki yule yule wa Nile, na mamba wetu ni ndugu wa mamba wa Misri. Kisha mvua zikapungua, kama miaka 5,000 iliyopita, ziwa likashuka na mlango ukafungwa. Tangu hapo maji yanaingia, lakini hayatoki ila kwa njia ya jua.

Fikiria sufuria ya mchuzi mekoni. Kila inapokauka kidogo unaongeza maji, hutoi kitu, unaongeza tena. Hata kama kila kikombe unachoongeza kina chumvi kidogo sana, jioni mchuzi hauliki. Jua huchukua maji na kuacha chumvi. Ziwa letu limekaa mekoni kwa miaka elfu tano.

Na sufuria yenyewe si ya udongo wa kawaida. Bonde la Ufa ni nchi ya volkano. Mawe yake na majivu yake ya zamani yana madini yanayoitwa floraidi, na maji yanayopita juu ya mawe hayo au kukaa chini yake huyayeyusha polepole. (Jambo dogo la pembeni, ila litakufurahisha: wanajiolojia wa dunia nzima wanalijua jina la Kataboi. Tabaka moja la mawe ya upande wetu wa ziwa, lenye umri wa zaidi ya miaka milioni 3, wameliita kwa jina hilo. Na kaskazini yetu, Nariokotome, ndiko Kamoya Kimeu alikoona mwaka 1984 mifupa ya yule kijana wa kale anayeitwa Kijana wa Turkana. Watu wamelea watoto kando ya maji haya tangu zamani ambazo hesabu inachoka kuzifikia.)

Wageni wa kwanza kutoka Ulaya kuliona ziwa walijifunza habari ya maji yake kwa uchungu. Ilikuwa Machi 1888. Msafara wa Count Samuel Teleki wa Hungary, pamoja na Ludwig von Höhnel, ulikuwa umetoka pwani mwaka uliotangulia, na wapagazi wake wengi walikuwa Waswahili. Kiongozi mmoja wa safari alikuwa Jumbe Kimemeta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Walivuka mawe ya moto ya kusini mwa ziwa wakiwa hoi kwa kiu, na walipoona maji yanang'aa wakakimbia, wakajitupa ndani, wakanywa. Yalikuwa ya magadi. Von Höhnel aliandika baadaye juu ya huzuni ya saa ile. Wakalipa ziwa jina la Rudolf, mwana wa mfalme wa Austria, na jina hilo likabaki kwenye ramani mpaka mwaka 1975 Kenya ilipoliita Ziwa Turkana.

Lakini wenyeji hawakuhitaji kuambiwa. Mturkana alijua kuchimba mchanga wa lagga iliyokauka hadi maji yatokee, kwa sababu maji ya chini ya mchanga yamechujwa na hayajakaa juani. Alijua pia kisima kipi kinywewe na watu na kipi kiachiwe mbuzi. Elimu hiyo ilikuwa ya ulimi: onja, kama ni chumvi sogea mbele. Nataka uishike habari hii ya ulimi, mama, kwa sababu ulimi ni mwalimu mzuri wa chumvi, lakini kuna jambo moja ambalo hauwezi kukufundisha.

Hebu tutenganishe mambo matatu ambayo watu wengi huyachanganya. La kwanza ni ugumu wa maji. Maji magumu ni yale yenye madini ya chokaa na magnesia kwa wingi. Utayajua nyumbani: sabuni haitoi povu haraka, nguo inabaki na utandu, na birika linajenga ukoko mweupe ndani. Mama akiona ukoko huo anaogopa, anasema ukoko huu utajenga mawe tumboni mwa mtoto. Usiogope. Shirika la Afya Duniani halijaweka kikomo cha ugumu kwa sababu ya afya, kwa maana ugumu wenyewe hauwadhuru watu kwa viwango vinavyopatikana kwa kawaida katika maji ya kunywa. Unakula sabuni yako na kuni zako, basi. Chokaa ile ile ndiyo mwili unayoitaka kwa mifupa.

La pili ni chumvi. Hii unaionja. Maji ya ziwa yana kama gramu 2 na nusu za chumvi za aina mbalimbali kwa kila lita, nyingi zikiwa za jamii ya magadi. Ndiyo sababu vidole vinateleza ukioga ziwani. Na sikia jambo la ajabu: maji ya ziwa si magumu. Yana chokaa kidogo sana, sabuni inatoa povu. Mtu anayepima maji kwa povu atasema ziwa ni zuri kuliko kisima. Kwa mama mjamzito, maji ya chumvi yana hatari yake. Pwani ya Bangladesh, ambako bahari imeingia visimani, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba shinikizo la damu kwa wajawazito lilikuwa zaidi katika msimu wa kiangazi, wakati maji yana chumvi nyingi. Kwa hivyo ukiwa na mimba na miguu inavimba au kichwa kinauma, mweleze muuguzi maji unayokunywa yanatoka wapi. Huenda hatakuuliza.

La tatu ni floraidi, na hii ndiyo ambayo ulimi hauioni. Haina ladha. Haina harufu. Haina rangi, wala haiachi ukoko katika sufuria. Tena inapenda maji yenye chokaa kidogo, kwa sababu pale chokaa ilipo nyingi hukamatana na floraidi na kugeuka jiwe, ikabaki ardhini. Kwa hivyo maji laini ya Bonde la Ufa, yale yanayotoa povu zuri, ndiyo mara nyingi yenye floraidi nyingi. Shirika la Afya Duniani linasema maji ya kunywa yasizidi miligramu 1.5 za floraidi kwa lita. Ziwa Turkana lina karibu miligramu 10.

Dunia ilijuaje kwamba kitu kisichoonekana ndicho kinachoharibu meno? Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ni hadithi ambayo akina mama wana sehemu kubwa ndani yake, ingawa vitabu vinamtaja zaidi daktari.

Mwaka 1901 kijana mmoja daktari wa meno, Frederick McKay, alihamia mji wa Colorado Springs huko Marekani. Akakuta wenyeji wengi wana meno yenye madoa ya kahawia, kama yaliyopakwa chokoleti. Watu walikuwa na sababu zao: wengine walisema ni nyama ya nguruwe, wengine maziwa mabaya. McKay alitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 1923 akaitwa mji mdogo wa Oakley, jimbo la Idaho. Wazazi wa pale walikuwa wameona jambo wenyewe bila maabara: madoa kwenye meno ya watoto wao yalianza kuonekana baada ya mji kujenga bomba la kuleta maji kutoka chemchemi ya maji ya uvuguvugu iliyokuwa kilomita 8 hivi kutoka mjini. Kabla ya bomba hakukuwa na madoa. McKay akayapima maji yale na vipimo vya siku hizo, hakuona kitu. Lakini aliwaamini wazazi. Akawashauri waliache bomba na kutumia chemchemi nyingine. Miaka michache baadaye wadogo zao wale watoto wakaota meno ya ukubwani yakiwa meupe.

Ni mwaka 1931 tu ambapo mkemia H. V. Churchill, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya alumini ya ALCOA, alipopima maji kwa njia mpya na kuigundua floraidi. Wazazi wa Oakley walikuwa wametangulia maabara kwa miaka 8.

Kwa nini wadogo walipona na wakubwa hawakupona? Jino la ukubwani hujengwa ndani ya ufizi tangu mtoto angali mchanga hadi anapofikia kama miaka 8. Floraidi ikizidi wakati huo, jino linajengwa likiwa na kasoro, na linapotoka lina madoa meupe ya chokaa, kisha kahawia, na likiathirika sana linamomonyoka. Jino likishatoka likiwa zima, maji hayawezi kulitia madoa hayo tena. Na likishatoka na madoa, kusugua hakuondoi. Usimpige mtoto kwamba hapigi mswaki. Mti wa esekon ni mswaki mzuri na uendelee nao, lakini madoa yale si uchafu.

Meno ni dalili inayoonekana. Mifupa ndiyo mzigo wenyewe. Maji yenye miligramu 3 hadi 6 kwa lita, yakinywewe kwa miaka mingi, yanaweza kukaza viungo na kuumiza mgongo, na yakizidi 10 yanaweza kulemaza. Upande wa mashariki wa ziwa, jamii ya El Molo ambao wamekunywa maji ya ziwa kizazi baada ya kizazi, waliandikwa na wasafiri na madaktari kwa meno yao ya kahawia na miguu iliyopinda. Tanzania, chini ya mlima Meru karibu na Arusha, kuna mto unaoitwa Maji ya Chai kwa rangi yake, na eneo la Ngurdoto ambako watoto wenye miguu iliyopinda walionekana hadi serikali ikaweka kituo cha utafiti wa kupunguza floraidi. Nchi hiyo kwa miaka mingi iliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini. Haikuwa kwamba 8 ni salama. Maji mengine hayakuwapo. Ukisikia hivyo usicheke, maana ndiyo hali ya mama wa Kataboi kila siku: anachagua kati ya maji mabaya na kukosa maji.

Sasa turudi nyumbani. Turkana ilikuwa nchi iliyofungwa wakati wa ukoloni, mahali pa kuweka wafungwa. Hata Mzee Jomo Kenyatta aliwekwa Lokitaung, kisha Lodwar, kabla ya kuachiliwa mwaka 1961. Mwaka huo huo wa 1961 ulikuwa wa njaa kubwa, na wamisionari wakaruhusiwa kuingia. Pamoja na shule na zahanati walikuja na visima virefu, na baadaye vinu vya upepo vya Kijito vilivyotengenezwa Thika, ambavyo havitaki mafuta. Visima hivyo viliokoa maisha, na asiyesema hivyo hakumbuki kuhara kwa watoto wa visima vya mchangani. Ila kuchimba chini zaidi hukuepusha na viini, na katika nchi ya volkano huenda kukakukutanisha na floraidi. Bangladesh walipatwa na jambo kama hilo: tangu miaka ya 1970 walichimba visima vya bomba kwa mamilioni ili watoto wasife kwa kuhara, na miaka ya 1990 wakagundua kwamba vingi vina sumu ya aseniki. Kisima kilichimbwa kwa nia njema, lakini maji hayakupimwa yote yaliyohitaji kupimwa.

Kalokol nayo ina kumbukumbu yake. Kiwanda cha samaki kilichojengwa pale kwa msaada wa Norway mwanzoni mwa miaka ya 1980 kilikusudiwa kugandisha samaki na kuwauza mbali. Kilifanya kazi muda mfupi sana. Gharama ya umeme wa kugandisha ilikuwa kubwa, na kilihitaji maji safi mengi kuliko jangwa lilivyoweza kutoa. Kando yake Ghuba ya Ferguson ikakauka katika miaka hiyo hiyo. Kiwanda kando ya ziwa kubwa, kikakosa maji.

Kakuma hadithi ni nyingine. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa mwaka 1992, na maji yake yanatoka visima virefu vilivyochimbwa kufuata mkondo wa Tarach, yanatiwa klorini na kufika kwenye mabomba ya foleni. Baadhi ya visima vya Kakuma vimepimwa vikawa na floraidi juu ya 1.5. Lakini nakuomba usiyasahau ya Aprili 2005. Kipindupindu kiliingia kambini. Watu 418 walitibiwa, 4 wakafa. Wachunguzi walipolinganisha nyumba zilizougua na zisizougua, waligundua kwamba nyumba zilizoweka maji ya kunywa katika chombo kilichofunikwa zilikuwa na hatari kama nusu ya zile nyingine. Nyumba zilizotumia choo kimoja na nyingine tatu au zaidi ndizo zilizoumia. Bomba lilikuwa lile lile. Tofauti ilikuwa mfuniko.

Kisha ukaja mwaka 2013. Septemba ya mwaka huo serikali na UNESCO walitangaza kwamba chini ya Turkana kuna hazina kubwa ya maji. Katika tambarare ya Lotikipi peke yake walisema kuna mita za ujazo bilioni 200. Nchi nzima ilishangilia, na redio zilisema kiu ya Turkana imekwisha. Majaribio yaliyofuata yakaonyesha kwamba maji ya Lotikipi yana chumvi nyingi mno kunywewa bila kusafishwa kwa mitambo ya gharama. Hifadhi ndogo zaidi iliyo karibu na Lodwar, inayolishwa na Turkwel, ndiyo iliyo na maji matamu, hasa karibu na mto. Kadiri unavyouacha mto ndivyo chumvi inavyoongezeka. Kwa maoni yangu kosa la mwaka 2013 halikuwa kutafuta maji. Kosa lilikuwa kutangaza wingi kabla ya kutangaza ubora. Ukiambiwa kuna maji, swali lako la pili liwe: yamepimwa nini?

Tangu hapo ziwa lenyewe limecheza. Bwawa la Gibe III kwenye mto Omo lilianza kujazwa mwaka 2015 na ziwa likashuka, kisha mvua kubwa za kuanzia 2019 zikalipandisha hadi likafunika nyumba na malisho ya ufuoni. Ziwa linapopanda, visima vifupi vya ufuoni vinaweza kuingiwa na maji yake. Kama kisima chenu kilichokuwa kitamu kimebadilika ladha tangu mafuriko, usikitegemee kwa jina lake la zamani.

Basi ndani ya nyumba yako ufanyeje? Nianze na linaloshinda yote kwa uzito. Viini vinaua mtoto kwa siku mbili au tatu, floraidi inamdhuru kwa miaka. Kwa hivyo kama chaguo ni maji ya lagga yenye uchafu bila dawa, au maji ya bomba yenye floraidi kidogo juu ya kiwango, mpe ya bomba. Usimtoe mtoto kwenye bomba ukampeleka kwenye kuhara. Lakini kama maji matamu yapo, hata jerikeni moja tu kwa siku, liwe la mtoto mdogo kwanza, kabla ya chai ya mgeni. Najua si rahisi kumwambia baba mkwe hivyo.

Mtoto wa chini ya miezi 6 anyonye tu. Hapa Mungu amekupa chujio ambalo hakuna kiwanda kimelitengeneza: hata mama akinywa maji yenye floraidi nyingi, kinachopita katika maziwa yake ni kidogo mno. Hatari inaanza unapochanganya maziwa ya unga au uji mwepesi kwa maji yale, tena kila siku, kwa mwili wa kilo 6 au 7. Baada ya miezi 6, uji wake upikwe kwa maji matamu unayoyapata. Maziwa ya mbuzi na ngamia ni rafiki, kwa sababu chokaa yake hupunguza floraidi inayoingia mwilini. Chai kali usimpe mtoto, majani ya chai nayo yana floraidi. Na magadi ya kulainisha maharagwe uyaache katika chakula cha mtoto, maana yanaweza kuwa na floraidi nyingi kuliko maji yenyewe.

Kuchemsha, mama, hakuondoi floraidi wala chumvi. Kunaua viini, na hilo ni kubwa. Lakini maji yakichemka sana yanapungua na floraidi inabaki pale pale, kwa hivyo yakishatokota vizuri, epua. WaterGuard, iliyoanza kuuzwa Kenya mwaka 2003, nayo ni ya viini tu. Tena klorini hufanya kazi kwa unyonge katika maji yenye magadi kama ya ziwa, hivyo usidhani ukitia kifuniko kimoja ziwani umepata maji ya kunywa. Nguo, vyombo, kuoga, hayo mpe ziwa kazi hiyo.

Maji ya lagga yanafaa kusafishwa kwa jua, na jua hatujawahi kulikosa. Chuja kwa kitambaa safi cha pamba kilichokunjwa, acha yatulie, tia katika chupa ya plastiki isiyo na rangi ya lita 2 au chini, laza chupa juani saa 6. Kama mbingu imefunikwa, siku 2. Watoto wa Kimaasai wa Kajiado walifanyiwa jaribio hili na matokeo yakachapishwa mwaka 1996: waliokunywa maji ya chupa za juani waliharisha kidogo kuliko wenzao. Maji yakiwa ya matope hayafai kwa njia hii, miale haipiti.

Kama una aina mbili za maji, kuchanganya kunasaidia. Lita moja yenye miligramu 3 ukiichanganya na lita moja ya maji ya mvua, ambayo hayana floraidi ya kuhesabika, unapata lita mbili za 1.5. Kwa maji ya ziwa hesabu hii haikubali, ungehitaji karibu lita 6 za mvua kwa moja ya ziwa.

Kuna vichujio vinavyotoa floraidi. Nakuru, Dayosisi ya Katoliki ilianza mwaka 1998 kazi ya kutengeneza vichujio vya mkaa wa mifupa ya ng'ombe, nao unashika floraidi vizuri. Mkaa huo unachomwa kwa moto wa kipimo na kubadilishwa ukichoka, kwa hivyo si kazi ya kujaribu jikoni. Ni jambo la kuulizia kwa kamati ya maji au kwa kaunti, ambayo tangu mwaka 2013 ndiyo yenye jukumu la huduma ya maji. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha. Hilo neno salama limeandikwa pale, halikutiwa na mimi.

Kisima kirefu kikichimbwa, maji hupelekwa maabara na hurudi na karatasi. Iombeni kamati ya maji iwaonyeshe karatasi hiyo. Tafuta mstari ulioandikwa floraidi, wenye alama F, usome namba iliyo mbele yake. Kama huwezi kusoma, mwite mtoto wa shule. Ikiwa ni chini ya 1.5, vema. Ikiwa ni 2 au 3, uji wa mdogo utafutiwe maji mengine. Ikiwa mstari huo haupo kabisa, maji hayakupimwa floraidi, na mwambie muuguzi wa zahanati ili aandike barua ya kuomba yapimwe. Halafu mkiwa mmekaa, tazameni meno mapya ya mbele ya watoto wenu wa miaka 7 na 8, nyumba kwa nyumba, mkihesabu nani alikunywa wapi alipokuwa mdogo. Mpelekeeni muuguzi hesabu hiyo pamoja na barua.

Juma lijalo tutazungumza juu ya choo, tukianzia na zile nyumba tatu za Kakuma.